Tunapouzuru Mji wa Kale wa Mombasa, tusiyaache maneno yake nje ya mlango

MGENI akifika Mombasa kwa mara ya kwanza, aghalabu hupelekwa sehemu mbili: baharini na Mji wa Kale. Baharini hahitaji maelezo mengi. Mji wa Kale nao huhitaji mtu wa kumtembeza, kwa sababu vichochoro vyake humpoteza hata mwenye ramani, na kuta zake hazisemi kitu kwa asiyejua kuzisoma. Ndiyo maana ziara za miguu zinazoongozwa na vijana wa mtaani zimekuwa sehemu ya uchumi wa mji huo.

Katika makala haya ninapania kulijadili suala moja ambalo wanaozipanga ziara hizo, na sisi tunaozilipia, hatulipi uzito unaostahili. Suala lenyewe ni la lugha. Mji wa Kale haukujengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti pekee. Ulijengwa kwa maneno pia. Kila sehemu ya nyumba ina jina lake, na majina hayo ni ya Kiswahili. Hata hivyo, Mkenya anayetembezwa mjini humo leo anaweza kumaliza saa mbili bila kulisikia hata moja.

Sisemi haya kwa kubahatisha. Hivi majuzi nilikuwa Mombasa kwa shughuli za kiakademia, na asubuhi moja nikaomba kujiunga na kundi la wanafunzi wa shule ya upili kutoka bara waliokuwa katika ziara ya masomo. Aliyetuongoza ni kijana aliyezaliwa Kibokoni, mchangamfu na mwenye kumbukumbu ya kupigiwa mfano. Alizijua tarehe, akazijua koo, akajua nani alijenga nini na lini. Tatizo ni kwamba alitusimulia yote hayo kwa Kiingereza. Wanafunzi walikuwa Wakenya. Walimu wao walikuwa Wakenya. Mimi ni Mkenya. Naye, kila alipopita mbele ya wazee waliokaa barazani, aliwaamkia na kutaniana nao kwa Kimvita kitamu kama haluwa, kisha akatugeukia na kuendelea na Kiingereza chake.

Tuanzie pale ziara nyingi zinapoanzia, yaani Fort Jesus. Ngome hii ilianza kujengwa na Wareno mwaka wa 1593, kwa ramani iliyochorwa na Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliitwaa mwaka wa 1698 baada ya kuizingira kwa zaidi ya miaka miwili. Waingereza waliigeuza kuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958. Tarehe hizi tulizisikia zote. Ambalo hatukulisikia ni kwamba historia hiyo imo ndani ya neno moja la Kiswahili tunalolitumia kila siku: gereza.

Wanaisimu wengi wanakubaliana kuwa neno gereza limetokana na neno la Kireno igreja, lenye maana ya kanisa. Ndani ya ngome ya Wareno mlikuwa na kanisa. Wenyeji wakalitwaa neno hilo, wakalitamka kwa kufuata silabi za Kiswahili, na likaja kurejelea boma zima. Kamusi za zamani zinaonyesha wazi kwamba gereza liliwahi kumaanisha ngome. Baadaye ngome zikatumiwa kuwafungia watu, na maana ikasonga tena: kutoka kanisa hadi ngome, kutoka ngome hadi mahali pa wafungwa. Hebu fikiria mwanafunzi amesimama kwenye ua wa Fort Jesus akielezwa hivyo kwa Kiswahili! Hatahitaji kuikariri historia ya Wareno, maana ataibeba kinywani mwake kila atakapolitamka neno gereza.

Kutoka ngomeni tuliingia Ndia Kuu, barabara maarufu zaidi ya Mji wa Kale. Mwanafunzi mmoja alikitazama kibao cha barabara na kuuliza iwapo herufi hazikukosewa. Mwalimu wake akamjibu kuwa bila shaka ni kosa la tahajia, kwamba aliyeandika alikusudia "Njia Kuu". Yule kijana wa Kibokoni alitabasamu tu. Nikamwomba ruhusa, nikasema neno.

Ndia si kosa. Ndia ni Kimvita, lahaja ya wenyeji wa Mombasa. Pale Kiunguja kinapotumia nj, Kimvita mara nyingi hutumia nd: njia ni ndia, njaa ni ndaa, njoo ni ndoo. Vilevile, ch ya Kiunguja mara nyingi huwa t katika Kimvita: macho ni mato, kichwa ni kitwa, cheka ni teka. Ndiyo maana kahawa inayouzwa jioni kwenye vikombe vidogo mitaani humo huitwa kahawa tungu, wala si kahawa chungu. Mambo haya yana mpangilio wake, na mpangilio huo ni sarufi kamili. Anayesema ndia hajashindwa kusema njia.

Isitoshe, Kimvita si lahaja ya pembeni. Muyaka bin Haji, aliyeishi kati ya 1776 na 1840, alitunga mashairi yake kwa Kimvita, na hadi leo hatuwezi kuisimulia historia ya ushairi wa Kiswahili bila kumtaja. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, na kamusi yake iliyochapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, iliegemea Kimvita kwa kiasi kikubwa. Kilichokuja kubadilisha mambo ni mkutano wa mwaka wa 1928, ambapo wawakilishi wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar walikiteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mkutano huo ulifanyika wapi? Mombasa! Uamuzi wa kukiweka Kimvita kando ulipitishwa katika mji wa Kimvita.

Silalamikii usanifishaji. Bila ya lugha sanifu nisingekuwa na kazi, na wala msomaji wa Turkana na wa Taita wasingelisoma gazeti moja. Ninachosema ni kwamba mtoto wa Kenya hafai kukulia katika imani kwamba kilicho nje ya usanifu ni kosa. Kibao kimoja cha barabara kingetosha kumfunza hilo, lakini hakiwezi kujieleza chenyewe. Anahitajika mtu wa kukisemea.

Sasa tuingie kwenye nyumba zenyewe, maana hapo ndipo penye hazina. Nikiyatazama maneno ya Mji wa Kale kwa jicho la mwanaleksikografia, naona yamegawika katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la maneno yaliyohama kutoka mtaani na kupata kazi serikalini. Baraza ni mfano bora. Baraza halisi ni lile benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta wa nje wa nyumba, ambapo wanaume huketi alasiri wakapiga soga, wakasuluhisha ugomvi na kupashana habari. Kutokana na kikao, neno likahamia kwa wanaokaa. Leo tuna Baraza la Mawaziri, baraza la chifu, mabaraza ya wazee na hata baraza la mitihani. Waziri anayekula kiapo huenda asijue kwamba cheo chake kimejengwa juu ya kiti cha mawe cha Pwani.

Hali kadhalika neno forodha. Eneo la Forodhani katika miji ya mwambao ni pale majahazi yalipopakulia shehena na ushuru kutozwa. Siku hizi neno hilo tunalisikia katika hotuba za bajeti. Kizingiti ni ule mti wa mlangoni ambao asiyeangalia hujikwaa juu yake. Magazetini kimegeuka kuwa kikwazo cha aina yoyote. Neno taifa nalo lina kisa. Waswahili wa Mombasa wamejigawa tangu jadi katika Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili: Mataifa Tisa kwa upande mmoja na Mataifa Matatu, ambayo ni Wachangamwe, Wakilindini na Watangana, kwa upande wa pili. Taifa hapo ni jamii ya watu wenye asili moja. Leo neno hilo hilo linawabeba Wakenya wote.

Kundi la pili ni la maneno ambayo vitu vyake viko hai, ila majina yake yamelazwa usingizi. Chukua roshani. Hizo ndizo zile sehemu za mbao zilizochongwa, zinazojitokeza nje ya ghorofa za juu na kuning'inia juu ya barabara. Neno lenyewe limetokana na Kiajemi na lina uhusiano na mwanga. Watalii huzipiga picha kuliko kitu kingine chochote katika Mji wa Kale. Nyumba za kupangisha zinazochipuka Nairobi, Nakuru na Eldoret zimejaa roshani. Kila fleti ina yake, na watu huanikia nguo humo. Lakini muulize mwenye nyumba inaitwaje, naye atakujibu kwa Kiingereza.

Neno sakafu tunalo bado, ila tumesahau siri yake. Kwa Kiarabu, neno linalolizaa lina maana ya paa, si ya chini. Imekuwaje basi kwetu likawa pale tunapokanyaga? Jibu limo katika nyumba za mawe za mwambao. Paa lake lilikuwa bapa, limesakafiwa kwa mawe na chokaa juu ya miti. Mwenye nyumba akipata uwezo wa kuongeza ghorofa, lile lililokuwa paa la chini hugeuka kuwa sakafu ya juu. Waswahili hawakukosea walipolikopa neno hilo. Walilikopa pamoja na nyumba yake.

Kundi la tatu ndilo linalonitia wasiwasi, kwa sababu maneno yake yanakufa pamoja na vitu vyake. Tuliposimama mbele ya mlango mmoja wa kuchonga, kijana wetu alieleza kuhusu nakshi, njumu za shaba na asili ya mafundi. Mlango huo una miimo, ile miti miwili ya kando. Una mabawa mawili. Katikati umesimama mfaa, mti mnene wenye nakshi uliopigiliwa kwenye bawa moja, ili mabawa yote yakifungwa yakutane hapo. Una tumbuu, pete ya chuma ya kupachikia mnyororo au kufuli. Mlango wa kisasa wa bawa moja hauna mfaa wala tumbuu, na kizazi kinachoufungua hakina haja ya maneno hayo.

Kadhalika miti ya dari. Wengi wetu tulilijua neno boriti kutokana na ule mfano wa Biblia wa boriti na kibanzi kwenye jicho, bila kuwahi kuiona boriti yenyewe. Boriti ni mti wa mkoko uliolazwa kutoka ukuta hadi ukuta kubeba dari. Wakataji mikoko wa Lamu huipanga miti hiyo kwa unene wake: kuna fito, kisha pau, mazio, boriti na nguzo. Kila daraja lina kazi yake na bei yake. Aidha, upana wa chumba haukuamuliwa na tamaa ya mwenye nyumba bali na urefu wa boriti. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba. Huko huko Lamu kuna wikio, chumba au ujia wa juu unaovuka barabara na kuziunganisha nyumba mbili, ili wanawake wa ukoo mmoja waweze kutembeleana bila kushuka chini. Ukilijua neno wikio, umejua jambo kuhusu faragha, ujirani na undugu ambalo picha haitakueleza.

Nilimwuliza yule kijana kwa nini hatuambii majina haya, ilhali anayajua. Jibu lake lilikuwa la kweli na la heshima. "Mwalimu, mimi hivi ndivyo nilivyofunzwa. Mgeni alipa kwa Kizungu. Na hawa watoto, nikiwaambia roshani, si wataniuliza ni nini?"

Nikamwambia, "Basi wakikuuliza, waambie. Hiyo ndiyo kazi yenyewe."

Mzee mmoja aliyekuwa barazani akinywa kahawa alitusikia, akaingilia kati. "Ndugu yangu, wewe wasema mfaa. Mlango wenyewe hauko tena, umeuzwa. Nyumba imevunjwa, pamejengwa fleti. Sasa huo mfaa utausemea nini?"

Swali la mzee huyo ni zito, na sitaki kulikwepa. Ni kweli kwamba maneno hufuata vitu. Lugha si makumbusho. Haiwezi kulazimishwa kubeba kila kilichopita. Lakini kundi la kwanza la maneno niliyoyataja linatoa jibu. Baraza halikuendelea kuishi kwa sababu kila Mkenya ana benchi la mawe nje ya nyumba yake. Liliishi kwa sababu lilipewa kazi mpya. Neno gereza halikufa siku wafungwa walipoondolewa Fort Jesus. Neno likipewa kazi hudumu kuliko jiwe. Lisilopewa kazi halidumu, hata kama kitu chake kinaning'inia juu ya vichwa vyetu, kama ilivyo kwa roshani.

Ziara ya Mji wa Kale ni mojawapo ya mahali pachache ambapo maneno haya yangepewa kazi kila siku bila gharama yoyote. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka wa 2006 inatupa uwezo wa kuyalinda majengo. Katiba ya 2010 nayo, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Tuna sheria ya mawe na sheria ya lugha. Kilichokosekana ni mtu wa kuzikutanisha mtaani.

Nina mapendekezo matatu. Kwanza, shule zinazowapeleka wanafunzi katika ziara hizi ziombe kuongozwa kwa Kiswahili. Mteja ndiye huamua lugha ya biashara, na walimu wa Kiswahili ndio wanaopaswa kuwa wa kwanza kudai. Mwanafunzi anayesoma lahaja kitabuni kama orodha ya majina ya kukariri angezisikia masikioni mwake, bure.

Pili, hata ziara ya Wazungu ibebe maneno ya Kiswahili. Simwambii kijana wa Kibokoni atupilie mbali Kiingereza kinachomlisha. Mgeni aliyezuru Roma harudi kwao bila ya neno piazza, na hakuna Mwitaliano anayeona haja ya kulificha. Mgeni wa Mombasa arudi kwao na baraza, roshani na ndia. Maneno hayo ni sehemu ya alichokilipia.

Tatu, sisi wa vyuo vikuu tuteremke kutoka maktabani. Mafundi seremala, waashi wa chokaa na wakataji mikoko ni kamusi zinazotembea, na wengi wao ni wazee. Mwanafunzi wa uzamili anayehangaika kutafuta mada ya utafiti angeweza kukaa nao miezi sita, akayakusanya majina ya kila kipande cha mlango, dari na jahazi katika Kimvita na Kiamu, kisha akawarudishia waelekezi wa watalii kijitabu cha kutia mfukoni. Tasnifu ingekaa rafuni. Kijitabu kingefanya kazi barabarani.

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa miaka mingi tumewapeleka watoto wetu Mombasa wakaitazama milango na kuipiga picha, kisha tukawarudisha nyumbani bila ya maneno ya kuifungulia. Msimu wa ziara za shule ukiwadia tena, mwalimu anayelipia ziara hiyo na amwambie mwelekezi mapema, hata kabla ya kupita lango la Fort Jesus: sisi tutembeze kwa Kiswahili, na utuambie kila kitu kwa jina lake.